Kwa nini mbolea iliyoyeyuka Tanga iligeuka jiwe, na jiwe la Minjingu likayeyuka Njombe

Swali

"Mtaalamu, shikamoo. Ninalima nyanya katika kitalu nyumba hapa Tanga, na ninamwagilia kwa matone kutoka kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Mwezi uliopita niliyeyusha kilo 2 za mbolea ya fosfeti iitwayo MAP, ile ya 12-61-0, katika pipa la lita 200 la maji ya kisima, kisha nikaongeza humo humo kilo 2 za kalsiamu naitreti. Kila moja huyeyuka vizuri ikiwa peke yake, lakini baada ya dakika chache pipa lilikuwa jeupe kama maziwa. Niliacha litulie, nikapitisha maji ya juu kwenye mabomba, na sasa theluthi ya matundu ya dripu imeziba. Aliyeniuzia mabomba anasema ni chokaa ya kisima tu. Maabara iliyonipimia maji iliandika pH 7.6, kalsiamu miligramu 120 kwa lita, na ualkali miligramu 250 kwa lita ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Kinachonichanganya zaidi ni kaka yangu aliyeko Njombe: yeye anamwaga unga wa jiwe la Minjingu shambani, jiwe ambalo nasikia nalo ni kalsiamu fosfeti, na mahindi yake yananufaika. Inakuwaje jiwe lake liyeyuke na mbolea yangu iliyokwisha kuyeyuka igeuke jiwe?"

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Umeleta maswali mawili yanayoonekana kupingana, na umefanya vizuri kuyaleta pamoja, kwa kuwa ukilielewa moja umelielewa na la pili. Shida inaanzia kwenye maneno tunayoyatumia. Tumezoea kuandika kwamba kalsiamu fosfeti haiyeyuki katika maji, kana kwamba maji ni kitu kimoja kila mahali. Maji ya kisima chako na maji yaliyomo katikati ya chembe za udongo wa Njombe yanafanana ukiyatazama ndani ya glasi, lakini kwa fosfeti yako mbali kama mbingu na ardhi. Kwa hiyo kila mara mtu akikuuliza kama madini haya huyeyuka, muulize kwanza: katika maji gani, na kwa muda gani?

Tuanze na fosfeti yenyewe. Fosforasi iliyo ndani ya maji haikai katika umbo moja. Asili yake ni asidi ya fosforiki, ambayo ina hidrojeni tatu na huziachia moja baada ya nyingine kadiri uasidi wa maji unavyopungua, yaani kadiri pH inavyopanda: nusu ya molekuli zake huwa zimeachia ya kwanza maji yanapokuwa na pH ya 2.15, nusu zimeachia ya pili kwenye pH 7.20, na nusu zimeachia ya tatu kwenye pH 12.35. Kalsiamu huipokea fosfeti kwa namna tofauti kulingana na idadi ya hidrojeni ilizobaki nazo. Ikikutana na fosfeti yenye hidrojeni mbili, chumvi inayopatikana huyeyuka kwa urahisi sana, na ndiyo inayotengeneza sehemu kubwa ya punje za mbolea ya TSP. Ikikutana na fosfeti yenye hidrojeni moja, hutokea dikalsiamu fosfeti, ambayo huyeyuka kwa shida. Ikiwa na maji ndani ya fuwele zake huitwa brushaiti, kwa kumbukumbu ya George Jarvis Brush, mtaalamu wa madini wa Marekani. Ikikutana na fosfeti isiyobakiwa na hidrojeni hata moja, mwishowe hupatikana apataiti, Ca5(PO4)3OH, ambayo ndiyo madini ya mifupa yetu na meno yetu, na iwapo nafasi ya OH imekaliwa na floridi, ndiyo madini ya mawe mengi ya fosfeti duniani.

Unaona basi kwamba pH ndiyo inayoamua ni fosfeti ya aina gani itakayokutana na kalsiamu. Mfuko wa MAP una fosfeti yenye hidrojeni mbili. Ukiiyeyusha katika maji ya mvua utapata maji yenye pH ya karibu 4.5, na humo fosfeti yenye hidrojeni moja ni kama sehemu 2 tu katika kila 1,000. Wewe hukutumia maji ya mvua. Ulitumia maji ya kisima chenye ualkali, yaani uwezo wa kumeza asidi, wa miligramu 250 kwa lita, na hiyo namba, ambayo wakulima wengi huiruka wanaposoma ripoti ya maabara ili wakimbilie pH, ndiyo iliyoharibu mambo.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu tutabaki kubishana na muuza mabomba. Gramu 10 za MAP katika lita moja zinatoa milimoli 86 hivi za fosforasi (milimoli ni kipimo cha kuhesabia chembe, si uzito). Gramu 10 za kalsiamu naitreti, ambayo kwa kawaida ina kalsiamu asilimia 19, zinatoa milimoli 47 za kalsiamu, na kisima chako kinaongeza milimoli 3. Ualkali wako ni sawa na milimoli 5 za bikaboneti kwa lita, na kila ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya bikaboneti inapokutana na fosfeti yenye hidrojeni mbili huinyang'anya hidrojeni moja, kisha yenyewe hugeuka kaboni dioksidi na kupotea hewani. Ndiyo maana, kama ulichungulia pipa ulipokuwa ukikoroga MAP, huenda uliona vipovu vidogo vikipanda kama vya soda iliyokaa wazi. Vipovu vile vilikuwa bikaboneti ya kisima ikikutengenezea milimoli 5 za fosfeti yenye hidrojeni moja katika kila lita, kabla hujafungua mfuko wa kalsiamu.

Brushaiti hukaa ndani ya maji bila kutuama ikiwa zao, yaani jibu la kuzidisha kiasi cha kalsiamu kwa kiasi cha fosfeti yenye hidrojeni moja, zikipimwa kwa moli kwa lita, halizidi 0.00000026 kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi. Zao la pipa lako lilikuwa 0.05 mara 0.005, yaani 0.00025. Ni kweli kwamba katika maji yenye chumvi nyingi ioni husongamana na kupunguziana nguvu, kwa hiyo tusihesabu zote kana kwamba ziko huru. Lakini hata tukilipunguza zao hilo hadi sehemu moja ya kumi, bado pipa lilikuwa limepita kiwango cha kushiba, yaani kikomo cha kile ambacho maji yanaweza kukishika, kwa karibu mara 100. Hapo hakuna cha kusubiri.

Kuna jambo moja la kupendeza katika ajali hii. Kila mara kalsiamu inapoichukua fosfeti yenye hidrojeni mbili ili itengeneze brushaiti, hidrojeni moja hubaki ndani ya maji, na kadiri mashapo yanavyoongezeka maji huzidi kuwa na asidi, mpaka kazi inajisimamisha yenyewe. Katika pipa lako ilisimama pH ilipokaribia 4, baada ya bikaboneti kwisha. Kwa hiyo hukupoteza mbolea yote, ingawa rangi ile ya maziwa ilikutisha. Mashapo yalikuwa karibu milimoli 5 kwa lita, ambayo katika lita 200 ni moli moja, na moli moja ya brushaiti ina gramu 172. Ulipoteza kama asilimia 6 ya fosforasi yako. Hasara ya mbolea ni ndogo. Hasara ya mabomba ndiyo kubwa, kwa kuwa gramu 170 za fuwele bapa zinatosha kuziba chujio na matundu mengi sana ya dripu.

Lakini wewe ulisubiri litulie na ukatumia maji ya juu tu. Mbona mabomba yameziba? Kwa sababu maji yale ya juu, yaliyotulia kwenye pH 4 yakiwa yamebeba kalsiamu na fosfeti tele, uliyapeleka kukutana tena na maji ya kisima yenye pH 7.6. Tuseme ulichanganya sehemu 1 ya pipa kwa sehemu 100 za kisima. Fosforasi inakuwa imeshuka hadi chini kidogo ya milimoli 1 kwa lita, jambo linalotia moyo, lakini pH ya mchanganyiko inarudi juu ya 7 na karibu nusu ya fosfeti yote inakuwa ni ile yenye hidrojeni moja. Ukizidisha kwa kalsiamu ya milimoli 3.5, maji ndani ya bomba yanakuwa tena yamepita kiwango cha kushiba kwa brushaiti, safari hii kidogo tu, tuseme mara mbili. Kwa apataiti yamepita mno, kiasi ambacho namba zake hazina maana kuziandika hapa.

Sasa utauliza: kama maji yamepita kiwango cha apataiti kwa umbali huo, kwa nini apataiti haikutokea mara moja? Hapa ndipo watu wengi, wakiwemo wanafunzi wangu, huchanganya mambo mawili: madini yapi ndiyo yatakayobaki mwisho wa yote, na madini yapi ndiyo yatakayotangulia. Mwaka 1897 Wilhelm Ostwald, mkemia wa Ujerumani, alieleza kwamba maji yaliyopita kiwango cha kushiba mara nyingi hayaendi moja kwa moja kwenye umbo lililo imara kuliko yote, bali hupitia kwanza maumbo legelege yaliyo rahisi kujengeka. Kalsiamu fosfeti ni mfano mzuri mno wa kanuni hiyo. Ili fuwele ya apataiti ianze, ioni nyingi za aina tatu zinatakiwa kujipanga kwa mpangilio maalumu. Brushaiti inahitaji mpangilio mwepesi zaidi. Kwa hiyo penye asidi kidogo hutangulia brushaiti, na penye pH ya 7 na kuendelea hutangulia utelezi mweupe usio na fuwele kabisa, au umbo la kati linaloitwa oktakalsiamu fosfeti, kisha kwa saa, siku au wiki vitu hivyo hujigeuza taratibu kuwa apataiti. Jina apataiti lenyewe, alilolitoa Mjerumani Abraham Gottlob Werner mwaka 1786, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya udanganyifu, kwa kuwa madini hayo yalikuwa yakidhaniwa kuwa mengine. Nami naona lilimfaa: hata leo hujificha nyuma ya ndugu zake.

Kwako wewe hili lina matokeo ya kazi. Utando uliotokea wiki hii kwenye dripu ni laini na asidi hafifu inauondoa. Ukiuacha miezi mitatu, utakuwa umekwisha kuwa apataiti na umeshikana na plastiki, na utakugharimu asidi kali na muda mrefu. Mabomba yako meusi yanayolala juani yanaharakisha mabadiliko hayo. Sukari na chumvi nyingi huyeyuka zaidi maji yakipata moto, ila apataiti huenda kinyume: maji yakipata moto, kuyeyuka kwake hupungua. Nilijifunza hilo kwa aibu nikiwa kijana maabara, nilipotengeneza lita kumi za mchuzi wa kukuzia bakteria wenye kalsiamu na fosfeti, safi kama maji ya chemchemi, nikauweka ndani ya chombo cha mvuke ili kuua vijidudu, na nilipofungua nikakuta kila chupa ina mawingu. Sikuwa nimekosea kipimo hata kimoja. Moto peke yake ulitosha. Katika mabomba yako, maji yanayobaki baada ya kufunga koki saa nne asubuhi hupashwa joto mpaka alasiri, kaboni dioksidi inatoroka kupitia matundu, pH inapanda, na kila tone linalokauka mdomoni mwa tundu linaacha mzigo wake hapo hapo.

Kuhusu muuza mabomba, hajakosea kabisa. Kwa pH ya 7.6, kalsiamu ya miligramu 120 na ualkali huo, maji yako yameshapita kiwango cha kushiba kwa chokaa hata kabla hujatia mbolea, na sehemu ya ugaga ulio ndani ya mabomba bila shaka ni kalsiamu kaboneti. Ila tope la ndani ya pipa haliwezi kuwa chokaa, kwa sababu chokaa haiwezi kukaa katika maji yenye pH ya 4. Thibitisha mwenyewe kwa siki ya jikoni. Chota kijiko cha tope la pipa, lioshe kwa maji ya mvua, liweke kwenye glasi na ulimiminie siki nyeupe mpaka glasi ifike nusu. Kisha kwangua ugaga wa bomba, uweke kwenye glasi ya pili, ufanye vivyo hivyo. Kinachotoa povu ni chokaa. Kinachopotea polepole kimya kimya, bila povu, ukikitikisa kwa dakika kadhaa, ni fosfeti. Ninatarajia glasi ya kwanza iwe kimya na ya pili ichemke kidogo kisha inyamaze ikiwa bado na mabaki, ambayo nayo yatazidi kupungua.

Twende Njombe. Jiwe la Minjingu huchimbwa mkoani Manyara, karibu na Ziwa Manyara, na asili yake ni kinyesi na mifupa ya ndege wa majini, hasa minandi, waliokusanyika kwenye kilima kilichokuwa kisiwa wakati ziwa hilo lilipokuwa pana zaidi. Kwa kuwa lilijengeka hivyo, fuwele zake ni ndogo na baadhi ya nafasi za fosfeti zimekaliwa na kaboneti, jambo linalolidhoofisha jiwe na kulifanya liyeyuke kwa urahisi kuliko mawe ya fosfeti yaliyotokana na miamba ya moto, kama yale ya kilima cha Panda karibu na Mbeya au ya Sukulu karibu na Tororo nchini Uganda, ambayo fuwele zake ni kubwa na ngumu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba unga wa jiwe la fosfeti haukumfaa, muulize kwanza jiwe lilitoka wapi.

Lakini hata la Minjingu halitayeyuka bila sababu. Kila kipande cha Ca5(PO4)3OH kinapoyeyuka kwenye udongo wenye asidi kinakula ioni 7 za hidrojeni na kuachia kalsiamu 5 na fosfeti 3 zenye hidrojeni mbili mbili. Hiyo saba ndiyo siri ya nyanda za juu. Ukiweka apataiti peke yake katika maji na kushusha pH kwa namba moja, kiasi kinachoweza kuyeyuka hupanda karibu mara saba na nusu. Ukitoka pH 7 kwenda 5, kimepanda mara 50 hivi. Ndiyo sababu wataalamu wa udongo hupendekeza unga huu kwa mashamba yenye pH iliyo chini ya 5.5, na udongo mwingi wa Njombe na Mufindi, unaostawisha chai, uko huko. Namba hiyo ya 5.5 ndiyo hiyo hiyo ambayo madaktari wa meno huitaja kuwa mpaka ambapo tabaka la juu la jino huanza kuyeyuka mate yanapokuwa na asidi. Mazingira hayafanani, lakini madini ni ya ukoo mmoja.

Asidi peke yake hata hivyo isingetosha, kwa kuwa punje inayoyeyuka huizunguka yenyewe kwa kalsiamu na fosfeti na kupandisha pH ya jirani yake, na ikiachwa hivyo husimama. Njombe kuna wanaoondoa mzigo huo. Mvua inaishusha kalsiamu chini, mizizi inaichukua pia, na chuma na alumini za udongo mwekundu zinaing'ang'ania fosfeti punde tu inapotoka. Hili la mwisho wakulima hulilalamikia, na wana haki, maana fosfeti iliyoshikwa na chuma haipatikani upesi kwa mmea. Ila bila huo mshiko jiwe lingeyeyuka polepole zaidi. Kaka yako asiweke unga huo kwenye shimo kama anavyoweka mbolea ya DAP. Autawanye shamba zima na kuuchanganya na udongo, ili kila punje iguse asidi nyingi kadiri iwezekanavyo. Akiweza kuuchanganya na majani mabichi ni bora zaidi. Magharibi mwa Kenya, kwenye udongo wa namna hiyo hiyo, watafiti walifanya majaribio mengi wakitumia unga wa Minjingu pamoja na majani ya tithonia, ule mmea wa kando ya barabara wenye maua ya manjano kama alizeti.

Nikuambie na jambo ambalo mtu wa Tanga anapaswa kulijua. Mgodi wa Minjingu ulipofunguliwa mwaka 1983, jiwe lake lilikuwa likipelekwa mjini kwenu, kwenye kiwanda cha mbolea kilichokuwa kikilitibu kwa asidi. Kiwanda kile kilikuwa kikifanya kwa saa chache kile ambacho udongo wa Njombe hukifanya kwa msimu mzima au miwili: kuipa fosfeti hidrojeni zake mbili. Ni njia ile ile ambayo Mwingereza John Bennet Lawes aliipatia hataza mwaka 1842. Na ukiichukua mbolea hiyo ya asidi ukaiweka kwenye udongo wa matumbawe wenye pH ya 8, safari inaanza kurudi nyuma, kwanza dikalsiamu, kisha oktakalsiamu, na baada ya muda mrefu apataiti, yaani karibu jiwe lile lile lililotoka Minjingu, tofauti ni kwamba sasa limesambaa shambani mwako. Unga wa Minjingu usithubutu kuununua kwa ajili ya udongo huo. Utakaa ulivyo.

Basi, kitalu chako. Ushauri utakaosikia kwa wengi ni kutumia matangi mawili, moja la kalsiamu na jingine la fosfeti na salfeti, na ushauri huo ni sahihi, lakini kwa maji yako hautoshi, kama hesabu ya bomba ilivyoonyesha: kalsiamu ya kisima peke yake inatosha kuikamata fosfeti njiani. Dawa yako hasa ni kuushusha ualkali wa maji kabla hayajakutana na mbolea yoyote. Lenga pH ya 6 ndani ya bomba. Kwa ualkali wako unahitaji milimoli 3.4 hivi za asidi kwa lita, ambayo kwa asidi ya nitriki ya asilimia 60 ni takriban mililita 260 kwa kila lita 1,000 za maji. Usimimine kiasi chote kwa mkupuo; mimina theluthi mbili, koroga, pima pH, kisha malizia kidogo kidogo. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye asidi, na uvae glavu za mpira na miwani. Usiikutanishe na dawa ya klorini ya kusafishia matangi, kwa sababu gesi inayotoka inaua. Asidi hiyo inaongeza pia naitrojeni, karibu gramu 48 kwa kila lita 1,000, kwa hiyo upunguze kiasi hicho kwenye mbolea nyingine.

Nisingekushauri utumie asidi ya salfuriki, ingawa ni rahisi kupatikana kwa sababu ya betri za magari. Ile ya betri haifai kwa mimea hata kidogo kwa kuwa inaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu, na hata ikiwa safi, salfeti ikikutana na kalsiamu nyingi ndani ya tangi la mbolea inaleta jasi, na utakuwa umebadilisha jiwe moja kwa jingine.

Baada ya kushusha ualkali, nyanya zako zitakuwa tayari zinapata miligramu 120 za kalsiamu kwa lita kutoka kisimani, na kiasi ambacho nyanya za kitalu hupewa kwa kawaida ni kama miligramu 150 hadi 200. Kwa hiyo unaweza kupunguza sana kalsiamu naitreti uliyokuwa ukiitumia. Ile unayobaki nayo ipe siku yake na MAP siku yake, na kila jioni malizia kwa kupitisha maji yaliyotiwa asidi, yasiyo na mbolea, kwa dakika chache, ili kitakacholala ndani ya bomba na kupashwa jua kesho yake kisiwe na cha kutuamisha. Kwa matundu yaliyoziba sasa, jaza mabomba maji yenye asidi ya nitriki mpaka pH ifike 2, yaache saa moja, kisha suuza kwa nguvu ukiwa umefungua miisho yote. Fanya hivyo kitalu kikiwa hakina mimea, au elekeza maji hayo nje. Rudia baada ya siku mbili kabla hujaamua kutupa bomba lolote.

Huenda utakutana na ushauri wa kuongeza asidi ya limau au vimiminika vya mboji ili kuzuia mashapo. Una ukweli ndani yake. Vitu vyenye asili ya viumbe huikumbatia kalsiamu, na magnesiamu nayo hufanya kuta za apataiti zisijengeke sawasawa. Maziwa ni ushahidi wa kila asubuhi: lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina kalsiamu ya karibu gramu 1.2, mara kumi ya kisima chako, pamoja na fosfeti tele, na hayatuami kwa sababu protini yake imeishika sehemu kubwa ya kalsiamu fosfeti hiyo katika vifundo vidogo visivyoonekana kwa macho. Lakini ndani ya dripu, vitu hivyo vya asili ni chakula cha bakteria, nao huleta utelezi ambao asidi haiuondoi. Kwa kisima chako mimi ningebaki na nitriki.

Kabla ya kuingiza mchanganyiko wowote mpya kwenye mabomba, uujaribu kwanza ndani ya chupa ya plastiki angavu. Tia maji yako yaliyokwisha kutiwa asidi, ongeza mbolea kwa uwiano ule ule utakaoutumia, funga, weka chupa juani mpaka alasiri, kisha itazame mbele ya kitambaa cheusi. Ukungu hafifu usiouona mbele ya ukuta mweupe utauona hapo.

Na lile tope lililobaki chini ya pipa usilimwage. Brushaiti haiyeyuki vizuri kwenye pipa wala kwenye dripu, lakini ni fosforasi ambayo mizizi inaiweza, kwa kuwa mizizi yenyewe hutoa asidi pale inapoigusa. Lichanganye na mboji na uliweke chini ya miche ya msimu ujao, kabla halijakaa muda mrefu mno kwenye maji ya kisima na kuanza kuwa apataiti.